Kaka Yangu na Upande wa Pili

Ukimuuliza kaka yangu kama mvua inanyesha, atakwenda dirishani, atachungulia, kisha atakwambia kwamba wapo wanaosema inanyesha. Huo ndio utani wetu wa nyumbani tangu aingie redioni. Wifi yangu, mkewe, ana wa kwake: siku moja alimuuliza kama mchuzi umekolea chumvi, akajibiwa kwamba suala hilo linahitaji kusikilizwa pande zote. Tulicheka miaka mingi. Siku hizi mimi sicheki.

Wenzake redioni walimwita Mizani. Alikuwa mhariri wa habari, na yeye mwenyewe ndiye aliyesoma taarifa ya asubuhi, kwa sauti ambayo hata ikitangaza mwisho wa dunia wewe ungeendelea kupiga mswaki. Mkewe, mama wa watoto wake, hajui mpaka leo anampigia nani kura. Timu ya mtaa wetu ikifunga bao sisi tunaruka mpaka viti vinapinduka, yeye anapiga makofi kidogo. Wageni wakifunga, anapiga makofi kidogo vilevile. Wapo waliomwona mnafiki. Hapana, hakuwa mnafiki. Mnafiki ana upande, ila anauficha.

Baba alifariki mimi bado nanyonya. Kaka ni kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na Mama alikuwa akishinda kwenye cherehani kutafuta riziki, kwa hiyo hakimu wa nyumba alikuwa kaka. Tukigombana anatukalisha kwenye ubao wa jikoni, mmoja anasema na mwingine ananyamaza, halafu zamu inageuka. Alikuwa hapigi mtu kabla hajasikia. Sijawahi kuonewa na kaka utotoni, na hilo naliandika wazi nisije nikaambiwa nina kinyongo. Kinyongo ninacho, lakini ni cha baadaye.

Chumba chao cha habari nakijua vizuri, maana nilikuwa nikitoka kazini napita kumsubiri ili tuongozane nyumbani. Ni chumba kimoja chenye meza zilizosukumwa pamoja, feni inayozunguka kwa kulalamika, na ukuta uliojaa namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu za kila rangi. Sheria ya pale ilikuwa moja, na ilikuwa ya kaka: habari inayomgusa mtu haiendi hewani kabla mtu huyo hajatafutwa ajibu. Mwandishi akija mbio na habari yake bado ya moto, kaka hanyanyui hata kichwa. "Upande wa pili umesema nini?" Vijana walikuwa wakimwigiza akitoka kwenda msalani, na akirudi wanajifanya wanaandika.

Kisha akaja Msumari.

Msumari hakutokea kwenye uandishi. Alitokea kwenye majukwaa, kwenye harusi za wakubwa, kwenye kila mahali palipo na kipaza sauti na watu wasioweza kuondoka. Mkurugenzi wa redio alimpa nafasi ya uchambuzi, mara tu baada ya taarifa ya asubuhi ya kaka. Na kipaji alikuwa nacho, tusimnyime haki yake. Alikuwa na maneno ya kugonga, ndiyo maana akaitwa hivyo. Ila hakuwahi kumpigia mtu simu, wala kukanyaga mahali alipopazungumzia. Alikuwa na kauli yake, "Mimi kwa maoni yangu," na chini ya mwavuli huo alipitisha kila kitu: fununu, chuki, sifa za rafiki zake, na mara mojamoja ukweli, kwa bahati mbaya.

Kaka alipambana naye kwa namna yake. Hakumwambia mkurugenzi amwondoe, maana hata Msumari alikuwa na haki ya kusikilizwa. Aliomba tu uwekwe muziki mfupi katikati. "Msikilizaji lazima ajue habari imeishia wapi na maoni yameanzia wapi," alitueleza mezani, ametabasamu kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba. Mkurugenzi alikubali upesi, na muziki ukawekwa, zumari kidogo na ngoma kidogo. Nenda sasa kwa kinyozi, au kwa mama anayefua uani huku redio iko dirishani, umuulize kama amewahi kuusikia huo muziki. Kwake redio ina mdomo mmoja. Akisikia jambo anasema, "Redio imesema."

Mimi kazi yangu ilikuwa utunzaji wa ghala. Kampuni yetu ilisambaza maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwenye maduka na hospitali. Ghala lilikuwa refu, lina baridi, limepangwa makopo hadi karibu na paa, na kila kopo liligongwa chini muhuri wa sehemu ya ghala lilikowekwa. Sehemu yangu ilikuwa ile ya mwisho, karibu na chumba cha nyuma. Niliipenda kazi ile. Nilipenda makopo yanavyokaa kwa mstari, na nilipenda kujua kwamba mtoto fulani, nisiyemjua, anashiba.

Ndipo wakaanza kurudisha makopo yaliyokwisha muda kutoka madukani, na badala ya kuteketezwa yakaingizwa chumba cha nyuma. Akina mama vibarua waliketi mle wakibandika lebo mpya juu ya tarehe ya zamani. Nilidhani ni kosa, nikamfuata meneja ofisini.

"Dada yangu," akaniambia kwa upole, "tarehe ni karatasi tu. Maziwa hayajui kusoma kalenda."

Binti yangu alikuwa amejifungua karibuni na maziwa ya kifua yalikuwa yamemkataa, kwa hiyo mjukuu wangu alikuwa ananyweshwa kopo hilohilo. Ningenyamaza vipi? Siku hiyo nilipotoka nilitia kopo moja kwenye mkoba wangu, nikanyoosha hadi kwa kaka.

Alikuwa sebuleni amevua viatu. Nilimpa kopo, nikamwambia abandue mwenyewe. Alikwangua ukingo wa lebo kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama anavyofanya kila kitu, na chini yake ikatokea tarehe ya zamani. Aliisoma. Aliisoma tena akiwa amevaa miwani. Mkewe naye alichungulia, akashika mdomo.

"Hii ni habari," kaka akasema.

"Usinitaje, kaka. Ile ndiyo kazi yangu."

"Chanzo hakitajwi, mdogo wangu. Hiyo ni kanuni."

Alilichukua kopo akaliweka kabatini, na mimi nikarudi nyumbani nimepumua. Nilijiona mwenye bahati. Watu wana siri nzito na hawana pa kuzipeleka, mimi nina ndugu wa tumbo moja redioni.

Basi sikilizeni alichofanya ndugu wa tumbo moja. Kesho yake alilitia kopo kwenye mfuko, akaenda nalo ofisini kwa meneja wangu. Hakupiga simu, maana jambo lilikuwa zito na alitaka kumtendea meneja haki kamili. Aliliweka mezani, akasema kuna tuhuma, na kampuni ina nafasi ya kujibu kabla hazijatangazwa. Meneja alimkaribisha soda. Aliligeuzageuza lile kopo, akautazama muhuri wa chini: sehemu ya mwisho, yangu. Akasema, "Tuachie tulichunguze, tutakupa jibu rasmi."

Na kaka akaliacha.

Nilipomuuliza baadaye alinijibu bila haya, kwa sababu hakuona haya yoyote hapo. "Ni mali yao," akasema. "Na mtu hawezi kujibu tuhuma bila kukiona kinachotuhumiwa." Mwizi wa kuku ana akili kuliko hiyo, hampelekei mwenye kuku manyoya.

Asubuhi iliyofuata mlinzi alinizuia getini. Nilipelekwa kwa meneja, nikaambiwa nimefukuzwa kwa kuiba kopo la maziwa. Nikauliza ushahidi. Akanyoosha kidole kwenye kabati la kioo nyuma yake, kopo langu limekaa humo. Nilipopitishwa ghalani kuchukua sweta yangu, chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa na kupigwa deki, hakuna lebo, hakuna vibarua, sakafu bado inanuka sabuni.

Jibu rasmi la kampuni lilifika redioni siku hiyohiyo, limepigwa muhuri. Taarifa iliyofuata niliisikia nikiwa jikoni kwa Mama. Kaka alisoma kwa sauti ileile ya siku zote kwamba kampuni moja ya kusambaza maziwa ya watoto imekanusha vikali tuhuma za kubadili tarehe, na kwamba tuhuma hizo zilitolewa na mfanyakazi wake wa zamani ambaye, kwa mujibu wa kampuni, amefukuzwa kwa wizi. Jina hakulitaja. Mtaa mzima ulikuwa unajua nani amefukuzwa kwenye ghala la maziwa.

Hakusema kwamba kopo alilishika mwenyewe. Hakusema kwamba lebo aliibandua kwa ukucha wake.

Ukapigwa ule muziki, akaingia Msumari. "Mimi kwa maoni yangu," akasema, "siku hizi mwizi akikamatwa anageuka mtetezi wa watoto. Leo kopo, kesho ghala zima. Na ole wao waajiri, maana ukimfukuza mwizi unaambiwa umemwonea mama wa watu!" Mama alinyoosha mkono akazima redio kwa hasira. Haikusaidia kitu. Redio za majirani ziliendelea, dirisha kwa dirisha, na sentensi yote niliisikia mpaka mwisho.

Nilimkuta kaka mchana kwenye chumba chao cha habari, vijana wote wakajifanya wanaandika.

"Kaka, uliiona ile tarehe au hukuiona?"

"Punguza sauti."

"Uliiona au hukuiona?"

"Mwandishi si habari," akasema. "Nikianza kusema mimi niliona, mimi nadhani, mimi naamini, nitakuwa na tofauti gani na yule?" Akaashiria kwa kidevu chumba cha studio, ambako Msumari alikuwa nyuma ya kioo akicheka na mtu kwenye simu.

"Tofauti ni kwamba wewe uliona kweli, na yeye hajaona kitu!"

"Msikilizaji hawezi kujua hilo."

"Mwambie basi ajue!"

Alivua miwani akaipangusa. Nilimjua tangu utotoni; akipangusa miwani mazungumzo yamekwisha.

Nilipeleka shauri langu baraza la kazi. Sikutaka fidia kubwa wala nini, nilitaka jina langu. Mtu aliyeitwa mwizi wa ghala, nani atampa ufunguo tena? Vibarua wa lebo niliwafuata majumbani, mmoja alinifungia mlango, mwingine alilia akaniomba nisirudi. Sikuwalaumu, wana watoto. Shahidi wangu alibaki mmoja tu, na yeye alikuwa amekula na kushiba kwenye sahani moja na mimi.

Mama alituita wote kwake. Alimkalisha kaka kwenye kiti cha marehemu baba, akamshika magoti, mwanamke mzima yule, na magoti yake mwenyewe yanauma. Alimwomba aende barazani aseme neno moja tu, kwamba aliliona kopo.

"Mama, nikisimama shahidi wa mtu, kila nitakachosoma baada ya hapo watasema nasoma kwa ajili ya mtu."

"Huyu si mtu, mwanangu. Huyu ni mdogo wako."

"Ndiyo maana hasa, Mama."

Wifi alinyanyuka akaenda uani. Alikuwa ameiona tarehe naye, na alikuwa tayari kwenda kusema, lakini kaka alimwambia kwamba mke wa mhariri akisema ni sawa na mhariri kusema. Wakagombana siku nyingi kwa hilo. Mwishowe wifi alishindwa, kama sisi sote.

Siku ya shauri nilivaa gauni langu la kijivu. Chumba cha baraza kilikuwa na madirisha ya juu na benchi ndefu za mbao, na mbele kabisa, kando, palikuwa na benchi ya waandishi. Niliingia nikamwona kaka ameketi pale. Moyo wangu uliruka kwa furaha, nakwambia. Nilidhani amebadili nia. Kisha nikaona daftari magotini na kalamu mkononi. Alikuwa amekuja kuandika habari. Vijana wake hakuwatuma, alisema baadaye, kwa sababu walikuwa wananihurumia na wangepotosha.

Mwenyekiti wa baraza alinisikiliza kwa subira, kisha akaniuliza, "Kopo lenyewe liko wapi?"

Kampuni ikatoa kopo. Lilikuwa na muhuri wa sehemu yangu, na lebo yake ilikuwa safi, haijabanduliwa popote, na ilipobanduliwa mbele yetu, chini yake hapakuwa na kitu. Nilisema si lile. Mwenyekiti akaniuliza nani mwingine aliliona lile ninalolisema. Nilimtazama kaka. Watu wote wakageuka kufuata macho yangu, na kaka alikuwa ameinamia daftari, anaandika.

Asubuhi yake alitangaza kwamba baraza la kazi limetupilia mbali dai la mfanyakazi wa zamani wa kampuni ya maziwa kwa kukosa ushahidi. Hakukosea hata neno. Msumari baada ya muziki alitumia muda wake wote kuwapongeza wajumbe wa baraza.

Sasa nafua nguo za watu. Mikono yangu imepasuka kwa sabuni na mjukuu akinishika anasema bibi una miba. Wateja wangu wa kwanza walikuwa wakihesabu mashuka nikiwa bado nimesimama mlangoni. Kila Mama alipoanza kumlaani kaka, mimi ndiye niliyemtetea. Nilimwambia, Mama, huyu amezaliwa na shaka. Labda aliona tarehe akafikiri imechapwa vibaya. Labda alifikiri, Mungu anisamehe, kwamba lebo nimebandika mimi. Mtu asiye na hakika atasimamaje mbele ya baraza? Niliyashika hayo kama mtu anayeshika kamba, na kwa hayo niliweza kumsalimia tukikutana.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wakaguzi walilivamia ghala wakati wenye ghala hawana habari, wakakuta vibarua wamekaa na marobota ya lebo mapajani. Msumari alinguruma asubuhi nzima. "Mimi nilishawaambia zamani!" akasema. "Kwa maoni yangu kampuni hii ilikuwa inanuka tangu siku ya kwanza!" Hakuna aliyepiga simu kumkumbusha alichosema mwanzo, au kama alipiga hakupokelewa. Na kaka alisoma kwamba mamlaka imelifunga ghala, na kwamba kampuni imekanusha. Kuhusu mwanamke aliyeitwa mwizi, hakuna aliyesema kitu, si kwenye habari wala kwenye maoni.

Wakati huo taarifa ya kaka ilikuwa imeshakatwakatwa mpaka ikabaki vichwa vya habari, na Msumari ameongezewa muda. Watu wanataka kuambiwa cha kufikiri, mkurugenzi alimweleza kaka, habari wanazipata kwenye simu zao. Haikupita muda wakamstaafisha kabisa. Walimkatia keki, Msumari akatoa hotuba ya kumsifu, na yeye akashukuru kwa maneno machache yasiyomuudhi mtu.

Wiki ile alikuja kwangu. Nilikuwa napiga pasi. Alisimama mlangoni hadi nikamwambia akae, akakaa ukingoni mwa kitanda kwa sababu kiti kilikuwa na mashuka ya watu. Alikuwa amekonda, na bila kazi mikono yake haikujua pa kukaa.

"Mdogo wangu," akasema, "sasa siko kazini. Naweza kusema."

"Sema, kaka."

"Nilikuamini. Tangu jioni ile nilipobandua lebo. Sijawahi kutia shaka hata siku moja."

Alinitazama akisubiri. Kweli alisubiri, kama mtu aliyeleta zawadi na anataka kuona ikifunguliwa. Niliiweka pasi kando isije ikaunguza nguo ya mtu.

"Kwa hiyo pale barazani ulikuwa unajua," nikasema.

"Nilijua."

"Nilipoulizwa nani mwingine aliliona. Nilipokutazama. Ulikuwa unajua."

"Nilijua, mdogo wangu." Sauti yake ilikuwa ileile ya taarifa ya asubuhi. "Ndiyo maana nilikwenda mwenyewe, nikaandika kila neno lako sawasawa."

Nilikwenda nikamfungulia mlango. Alichukua kofia yake akatoka.